Rambirambi za Mtu Mzima

Mzee Zebedayo wa Bujonde alijulikana kwa mambo matatu: uzee wa kanisa, shamba la kakao, na mke mwenye mdomo. La nne, ngiri, alilificha chini ya suruali mbili alizovaa moja juu ya nyingine, akiamini kwamba hakuna anayejua. Bujonde nzima ilijua. Walimheshimu tu, wakamsubiri apite ndipo waseme.

Mkewe, Tusajigwe, ambaye kijijini walimwita Mama Gwamaka kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ndiye aliyemburuta hadi hospitali ya misheni. Alikuwa amemkuta amelala chali kando ya masanduku ya kuchachushia kakao, anajisukuma kinena kwa kiganja huku akiimba wimbo wa kwaya, ili anayepita ajue anaimba na si kwamba analia.

Daktari alimpima, akanawa mikono, akasema, "Mzee, huu ni utumbo. Umetoka mahali pake. Kwa sasa ukiusukuma unarudi. Siku ukigoma kurudi utakaza, na utumbo ukikaza haungoji mavuno."

"Kupasua ni kiasi gani?" Tusajigwe aliuliza, kwa sababu mumewe alikuwa anatazama ukuta kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa.

Daktari akataja. Tusajigwe akamwomba ataje tena, pengine safari ya pili ingepungua. Haikupungua. Mafuriko yalikuwa yamelala juu ya mpunga wao mpaka ukaoza, na kakao ya msimu ule ilitosha kununua chumvi na sabuni ya kufulia magunia yake.

"Hamna ng'ombe wa kuuza?" daktari akauliza kwa upole.

"Alikuwepo. Alisomesha mtoto, sasa ni utingo wa lori Tunduma."

Daktari akakuna kichwa. "Basi nendeni chumba cha mwisho, mkamwone Janeth. Kuna wazungu kwenye mtandao, wanachangia wagonjwa."

Mzee Zebedayo akageuka kwa mara ya kwanza. "Wazungu wa wapi?"

"Wa kila mahali."

"Wananijua?"

"Ndiyo watakujua sasa."

Zebedayo akasema kwamba yeye ana watu wake, hawezi kwenda kuomba kwa watu wasiomjua wakati kwao hajaomba. Lilikuwa neno la heshima, na kama maneno mengi ya heshima ya wanaume, lilimpa kazi mke.


Watu wake walikuwa kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho Zebedayo alikuwa amekichangia kila mwezi tangu kianzishwe, na mhazini wake alikuwa Hezroni, mwenye nyumba iliyo karibu na kanisa. Tusajigwe alimkuta barazani anapepeta mchele wake mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mkewe kwenye chenga.

"Ugonile, Mama Gwamaka," Hezroni alisalimia. "Karibu. Mzee hajambo?"

"Ana jambo, ndiyo maana nimekuja."

Akaeleza. Hezroni akasikiliza kwa huruma, huku kichwa kikitikisika mahali panapostahili. Alipomaliza, Hezroni akaweka ungo chini.

"Mama, mimi ningetoa hata leo. Lakini katiba inasema kufa na kuzikana. Haisemi kuugua. Nikianza kutoa kwa wanaougua, wa kufa atakuta nini?"

"Atakuta hajafa."

Hezroni akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mhazini. "Mpe mzee pole yangu. Mwambie tunamwombea."

Tusajigwe akarudi na pole na maombi. Zebedayo alivipokea vyote viwili, akaiacha chai ikapoa, kisha akasema, "Mwite huyo binti wa wazungu."


Janeth alifika kwa pikipiki, amevaa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kuonana na tope la Bujonde. Alikuwa binti mwema, mwenye shikamoo ya kutosha kila mtu, na tableti pana kama kitabu cha nyimbo. Tusajigwe alikuwa ameamka mapema kumpokea. Uwanja ulikuwa umefagiwa kwa mistari, meza imetandikwa kitambaa cha maua, na Zebedayo amekaa mlangoni ndani ya koti lake la Meza ya Bwana.

Janeth aliitazama nyumba ya matofali ya kuchoma na bati lake. "Nyumba nzuri," alisema kwa masikitiko.

"Asante."

"Ndiyo tatizo, mama. Ni nzuri."

Tusajigwe, aliyelelewa kuamini kwamba uchafu ndio aibu, alijikuta anaomba radhi kwa usafi. Janeth akaeleza, kwa maneno laini, kwamba mfadhili huwa anatazama picha kabla ya kusoma. Akiona bati atajiuliza maswali. Akaona nyuma ya mparachichi kibanda cha nyasi. "Pale je?"

"Pale analala mbuzi."

"Panafaa."

Mbuzi akatolewa. Mzee Zebedayo akavuliwa koti, akavishwa shati la kupulizia dawa ya kakao, akasimamishwa mlangoni pa mbuzi. Majirani walisogea mmoja mmoja, kila mmoja akijidai anatafuta kuku wake.

"Tabasamu, mzee," Janeth alisema. "Lisiwe kubwa sana. Liwe la matumaini."

"La matumaini likoje?"

"La mtu anayeumwa lakini anashukuru."

Zebedayo akajaribu. Alifanana na mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya askofu. Janeth akapiga nyingi, akachagua ile ambayo mzee alikuwa amechoka kutabasamu. Wakakaa kwenye gogo kwa maswali.

"Mzee, ndoto yako ni nini?"

"Juzi nimeota nafukuzwa na nguruwe wa Hezroni."

"Siyo hiyo. Ndoto ya maisha. Ukipona unataka nini?"

Zebedayo akafikiri kwa haki kabisa. "Nataka kukohoa bila kujishika chini."

Janeth akaandika muda mrefu kuliko jibu lenyewe, kisha akasoma: "'Ndoto yangu ni kurudi shambani, niilishe familia yangu na kuona wajukuu zangu wakisoma.'"

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyomaanisha, mzee."

Kabla hajaondoka Janeth alirudia jambo moja mara mbili, na Tusajigwe akalishika: pesa haitapita mikononi mwao. Ikitimia, inakwenda hospitali moja kwa moja. Majirani waliokuwa wanatafuta kuku hawakulisikia. Walikuwa wamesikia neno dola, wakakimbia nalo.


Siku za soko Tusajigwe alikuwa akipeleka mchele Kasumulu, mpakani, ambako wanunuzi huvuka daraja kutoka Malawi. Andrea, jirani yake wa Bujonde, alikuwa na meza yake kando ya barabara pale, anabadilisha kwacha na shilingi, na mara nyingi alilala huko huko.

"Shikamoo, Mama Gwamaka," Andrea alimwita mbele ya wateja. "Mzee anaendeleaje na ile asilimia tisa yake?"

"Asilimia ya nini?"

Andrea akamgeuzia simu. Tusajigwe akamwona mumewe, mdogo kama stempu, amesimama mlangoni pa mbuzi na shati lenye tundu. Chini yake ulikuwepo mstari wa kijani wa kuonyesha pesa iliyochangwa, mfupi kama kucha.

"Wanasema hivi," Andrea akatafsiri kwa sauti ya mtu aliyelipiwa karo mpaka kidato cha nne na anataka irudi. "'Zebedayo ni mkulima maskini anayeishi na mkewe katika kibanda cha nyasi.'"

"Mbuzi ndiye anayeishi humo!"

"'Kwa miaka mingi amekuwa na uvimbe mkubwa katika kinena...'"

"Andrea, punguza sauti."

"Mama, hii iko wazi dunia nzima. Mimi nikinong'ona itasaidia nini?"

Mmalawi mmoja aliyekuwa anasubiri kwacha zake akanyoosha shingo, akamtazama Tusajigwe kwa huruma. Tusajigwe angependa kumpiga na kibaba.

Andrea akasogeza kidole, akamwonyesha wengine. Kichanga mwenye mdomo uliopasuka: mstari umejaa. Msichana mwenye mguu uliopinda: umejaa. Mama mjamzito: unakaribia. Kisha wazee, mmoja baada ya mwingine, na vipande vyao vya kijani.

"Wazee hawatembei," Andrea alisema, kama anayezungumzia bidhaa. "Soko ni watoto."


Pengine na Janeth aliliona hilo, kwa sababu alipiga simu wiki hiyo hiyo. "Mama, picha ya mzee ni nzuri, lakini peke yake inachelewa. Hamna mjukuu? Tukimweka pembeni yake..."

"Wajukuu wapo Tunduma, kwa baba yao."

"Nakuja kesho. Jitahidini."

Tusajigwe akampigia Gwamaka. Simu ya Gwamaka, kama Gwamaka mwenyewe, haikupatikana. Na mumewe jioni hiyo alikuwa amekataa kula, akisema ameshiba, naye tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Kwa hiyo kulipopambazuka alipita uani kwa Anyosisye, mke wa Andrea. Walikuwa na mtoto mmoja, Lusungu, msichana wa miaka minne mwenye mashavu ya kubanwa na kila mpita njia. Anyosisye alimtoa kama anavyotoa ungo. "Mchukue, mama. Mrudishe tu kabla hajasinzia, akisinzia kwa watu anakojoa."

Zebedayo alipomwona mtoto mapajani pake, aligeuka. "Huyu si mjukuu wangu."

"Kanisani si huwa unasema watoto wote ni wetu?"

"Nasema kanisani."

"Basi jifanye uko kanisani."

Janeth akaja, akamwona mtoto, uso ukamng'aa. Hakuuliza ni wa nani, na Tusajigwe hakuwa na desturi ya kujibu asichoulizwa. Lusungu alipewa tunda la kakao la njano alikumbatie. Zebedayo akakohoa, akajishika, na mtoto akaona jambo hilo linachekesha kuliko yote aliyowahi kuona. Akacheka mpaka meno ya nyuma. Janeth akaipata hapo hapo.

Jumapili haikupita kabla mstari haujajaa. Mama mmoja wa nchi ya theluji alikuwa ameandika kwamba amelia alipomwona mjukuu huyu anavyompenda babu yake. Zebedayo alisomewa hilo baada ya ibada, akiwa bado ameshika Biblia. Aliuliza kama kuna namna ya kumjibu mama huyo. Tusajigwe akasema hakuna.


Andrea alitoka Kasumulu bila kumaliza wiki. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja, akasimama uwanjani, simu mkononi.

"Mmemuuza mwanangu."

"Andrea, mwanao yuko kwako, anakula kande," Tusajigwe alisema.

"Sura yake imezunguka Ulaya nzima! Mzee alikaa na tisa yake kama jiwe. Mwanangu kacheka mara moja, imefika mia. Nani kaileta hiyo pesa? Mimi sitaki ugomvi. Nataka nusu."

"Nusu ya nini? Hatujaiona, haiji kwetu!"

"Imeandikwa hapa kwa dola. Mimi ndiyo kazi yangu, dola. Msiponipa nusu, nitawaandikia wenyewe kwamba mtoto si wenu. Kiingereza ninacho."

Watu walikuwa wamejaa, na safari hii hawakusingizia kuku. Mmoja akasema ni haki. Mwingine akasema mzee wa kanisa kula peke yake si vizuri. Mwingine, aliyekuwa na deni la Zebedayo la magunia mawili, akasema waziwazi kwamba sasa halilipi, maana tajiri hadai maskini.

Zebedayo akatoka ndani polepole, anakanyaga kama mwenye yai kati ya miguu. "Niazime simu yako, Andrea," alisema. "Nipigie yule binti."

Tusajigwe alielewa kabla wengine hawajaelewa. "Baba Gwamaka, usi..."

"Binti," Zebedayo akasema kwenye simu, kwa ile sauti ya kusomea somo, "mtoto wa kwenye picha ni wa Andrea, jirani. Wajukuu zangu wako Tunduma."

Simu ilikuwa ya kelele. Wote walisikia Janeth alivyonyamaza. Kisha wakamsikia: "Mzee, kwa nini unaniambia?"

"Ili ujue."

"Sikuhitaji kujua! Sasa nikishajua, lazima niandike ofisini." Alikuwa karibu kulia. "Mzee, ulikuwa umebakiza tarehe tu."

Kesho yake ukurasa ulifungwa. Wafadhili waliombwa radhi, wakakubali pesa yao impeleke mgonjwa mwingine kwenye kitanda, na ninaambiwa hakuna hata mmoja aliyenung'unika, kwa kuwa mwingine huyo alikuwa na miaka miwili. Andrea, aliyetaka nusu, akapata nusu halali ya kitu kisichokuwepo. Alipita wiki nzima akizunguka kwa nyuma ili asikutane na Tusajigwe.

Tusajigwe naye hakusema na mumewe. Alipika, akaweka, akaondoka. Siku ya tatu Zebedayo alimshika kanga.

"Nilikuwa na zamu ya kusoma somo Jumapili ile, Mama Gwamaka. Ulitaka nisome kwa mdomo upi?"

"Kwa huo huo. Wenzako wanasomea na huo huo."

Lakini hakuvuta kanga.


Ngiri ilikaza mchana, wakati Zebedayo alipobeba gunia la kakao mbichi ambalo alikuwa amekatazwa kulitazama. Tusajigwe alimkuta anatapika, jasho linamtoka kama aliyetoka mtoni, na pale kinenani pamekuwa pagumu kama ngumi. Safari hii hakuimba wimbo wowote.

Tusajigwe akapiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa Andrea. Hakusema kitu, alikimbia barabarani bila viatu, akarudi na Bajaji, akambeba mzee mikononi kama anavyombeba Lusungu, akalipa yeye. Njia ilikuwa na vumbi zito, na Tusajigwe akamfunika mumewe uso kwa kanga. Walipopita dukani, waliokuwa barazani waliona Bajaji, wakaona mtu amelala hatikisiki, wakaona kanga usoni, wakaona Mama Gwamaka analia. Wakavua kofia. Mengine walijimalizia wenyewe.

Hospitalini daktari alimchoma sindano, akamlaza kichwa chini miguu juu, akaukanda utumbo kwa mikono yake miwili muda ambao Tusajigwe alidhani hautakwisha. Ukarudi. Daktari akakaa kwenye kiti, anahema kama mkulima.

"Umerudi, lakini hautakaa. Kesho kutwa asubuhi nampasua. Mama, tafuta hela ya kuanzia, dawa na vifaa tu, mengine tutaongea. Ukitoka tena kabla ya hapo sijui kama nitaweza."

Andrea akabaki na mgonjwa. Kulipokucha Tusajigwe akapanda Bajaji kurudi Bujonde. Simu yake ilikuwa imezima tangu jana, na ya Andrea ilibaki nyumbani pamoja na viatu vyake. Njia nzima alikuwa anahesabu bati za nyumba yake, ngapi zinauzika na ngapi zina kutu. Angalau Janeth akirudi atafurahi, aliwaza. Nyumba haitakuwa nzuri tena.


Alisikia kilio kabla hajaona watu. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka bati lake mpaka kwenye mparachichi. Chini yake wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa. Wanawake walijaa ndani na vibarazani, wamefunga kanga kiunoni. Masufuria ya wali yalikuwa motoni, ndizi zimelundikwa, kuni za kutosha mwezi. Ukoo wa Zebedayo ulikuwa umeangusha dume la ng'ombe. Na mezani, nyuma ya daftari na sanduku la bati, alikuwa Hezroni, amevaa tai.

Anyosisye alimwona kwanza, akamrukia shingoni. "Ndaga, mama! Pole, mama yetu!" Kilio kikapanda upya. Tusajigwe akafungua mdomo aseme, akakuta ameshakalishwa mkekani na wanawake wanne.

Nje mtu mmoja alikuwa anahutubia. Alikuwa yule mwenye deni la magunia mawili.

"Ndugu zangu, tumempoteza mtu. Hakuwahi kumsumbua mtu kwa shida zake. Laiti tungejua kwamba mzee wetu anahitaji msaada! Nani kati yetu angekataa?"

"Hakuna!" wakajibu.

"Nani?"

"Hakuna!"

Tusajigwe akasikiliza. Akamsikiliza na Hezroni akisoma majina: huyu katoa, yule katoa, kwaya imetoa, wa Itungi wametuma kwa simu. Kilichoshindikana kwa wazungu na kwa mtoto wa kuazima kilikuwa kimejaa sandukuni ndani ya jioni moja na asubuhi moja, bila picha. Akainuka, akawaondoa wanawake mabegani kama anayevua mizigo, akatoka mpaka mezani.

Watu wakanyamaza kwa heshima ya mjane. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa upole, "Mwili unafika saa ngapi, mama?"

"Mwili unakunywa uji."

Hakuna aliyeelewa.

"Zebedayo hajafa. Nimemwacha kitandani, anagombana na Andrea kwamba uji hauna sukari. Kesho asubuhi anapasuliwa. Nimefuata hela."

Anyosisye alicheka na kulia kwa pamoja. Dada yake mkubwa Zebedayo akapiga magoti pale pale, akasali. Lakini wengine, na Tusajigwe aliziona nyuso zao moja moja, walikuwa kama watu waliofika harusini wakaambiwa bibi harusi ameahirisha. Mtu akauliza chini chini, "Na dume?"

Hezroni alikuwa ameanza kufunga sanduku.

"Weka mkono wako mbali," Tusajigwe alisema.

"Mama Gwamaka, tunamshukuru Mungu. Lakini hii ni rambirambi. Marehemu hayupo. Kwa utaratibu, kila mtu arudishiwe..."

"Walizileta kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mzee."

"Basi ni za mzee. Sikieni, mimi sijui katiba. Mkininyima hizi leo, keshokutwa jioni mtanipa hizi hizi, na Hezroni atavaa tai hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mtakuwa mmechoka, kwa sababu mtakuwa mmechimba."

Ndipo dada yake Zebedayo akainuka kutoka magotini, akajipangusa vumbi.

"Hezroni, dume tumeshamla. Unataka tumtapike?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake jikoni, kikavuka turubai, kikawafikia wanaume, na kilipomfikia yule mwenye deni naye akacheka kwa kuogopa kubaki peke yake. Hezroni akasimama na sanduku mikononi kama mtu aliyeshika mtoto wa watu. Kisha akalisukuma mbele.

"Iandikwe tu," alisema, "kwamba ameshachangiwa."


Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alisema ameona ngiri nyingi, lakini mgonjwa aliyelipiwa na msiba wake mwenyewe ndiyo kwanza.

Zebedayo alirudi kanisani akiwa amevaa suruali moja. Watu walimsalimia vizuri sana, ila walimtazama kama mtu aliyekula nauli asisafiri. Wengine walimuuliza anajisikiaje, na alipojibu anajisikia vizuri walionekana kusubiri neno la ziada. Akawapa: akasimama mbele ya usharika akawashukuru kwa kumlilia, akasema kilio amekisimuliwa na kimemgusa. Yule mwenye deni alitazama dari.

Jumatatu yake jioni, jua likiwa bado juu ya mashamba, Hezroni alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, kwa miguu, akakaa kwenye benchi la mbao akisema hakai. Tusajigwe akajua ni habari ya sanduku.

"Kamati imekaa," Hezroni alianza. "Tumeona tulitaje hili kwa upendo. Mzee, siku Bwana akikuita kweli, kikundi hakitakuwa na fungu lako. Tulishatoa."

"Ni haki," Zebedayo alisema. "Basi itabidi nisife."

Hezroni hakucheka. Alikuwa anatazama kofia yake, anaizungusha magotini. Tusajigwe aliweka chai, akangoja aondoke. Hakuondoka. Aliuliza habari za mpunga, akajibiwa. Akauliza za Gwamaka, akajibiwa. Mwishowe akasema, kwa sauti iliyokuwa imepoteza uhazini wote:

"Pale hospitali. Ukiingia, wanakutazama wengi?"

Zebedayo na mkewe wakatazamana.

"Maana nina mtu," Hezroni akaendelea. "Ni jamaa yangu. Ana... ni busha. Limekuwa kubwa. Anashindwa hata kupanda baiskeli, lakini anaona haya."

Tusajigwe alikuwa na majibu. Alikuwa ameyatunza tangu ile siku ya baraza na ungo, mengine alikuwa ameyafanyia mazoezi akiosha vyombo, na yote yalikuwa mazuri. Alimtazama mhazini, namna alivyokuwa amekalia ukingo wa benchi, uzito wote kwenye paja moja, jasho dogo juu ya mdomo. Akakuta majibu hayatoki.

"Tangu lini?" aliuliza.

Hezroni akaacha kuizungusha kofia. "Mama watoto hajui," alisema hatimaye. "Nimemwambia ni mfuko wa pesa za kikundi, naufunga kiunoni kwa sababu ya wezi."

Hakuna aliyecheka, ingawa Tusajigwe alilazimika kutazama nje kidogo. Mzee Zebedayo akainuka, bila kushika ukuta wala bega la mtu, akaingia chumbani. Akarudi na ule mto ambao daktari alimwagiza aukalie mpaka mshono ukauke.

"Kalia huu," alimwambia. "Benchi hilo ni gumu kwa watu wa aina yetu."